Tangazo la dharura kwenye tamasha: usikie nini, ufanye nini ukiwa na mtoto?

Sikukuu, mahafali ya shule, muziki, mkutano wa injili: huko kote tunaenda na watoto, wengine mgongoni. Ukitokea moto au msongamano, sauti ya kwenye spika ndiyo inayowaelekeza watu. Tangazo zuri linaokoa maisha. Tangazo baya linaweza kuua.

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, katika jengo la Freedom City Mall mjini Kampala, mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje kuangalia fataki. Polisi wa Uganda walisema msukumano ulitokea baada ya fataki kuisha, na watu wasiopungua 9 walifariki, wakiwemo watoto. Hakukuwa na moto. Ni watu wengi kwenye njia moja kwa wakati mmoja.

Kwa nini mtoto yuko hatarini zaidi?

Kwenye msongamano, wengi hufa kwa kubanwa kifua mpaka wanashindwa kuvuta hewa, hata wakiwa wamesimama. Mtoto ni mfupi, uso wake uko usawa wa viuno vya watu wazima. Aliye mgongoni anaweza kubanwa bila wewe kumwona.

Matangazo yaliyoandaliwa vizuri yakoje?

- Muziki unazimwa kwanza, ndipo mtu anazungumza.
- Spika zina betri au jenereta ya akiba, umeme ukikatika.
- Maneno yameandikwa mapema, ni mafupi, kwa lugha ya wengi, na yanarudiwa: nini kimetokea, uende wapi, kwa njia ipi.
- Anajulikana mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuamua tangazo litoke.
- Mfumo unajaribiwa kabla mageti hayajafunguliwa. Mmoja anasema kwenye kipaza sauti, wengine wanazunguka hadi vyooni, nyuma ya mahema na getini kusikiliza. Kusikia sauti hakutoshi, maneno yaeleweke.
- Kipaza sauti cha mkononi kipo karibu, mitambo ikigoma.

Ukiwa kwenye kamati ya shule, kanisa au msikiti, uliza swali hili: "Tumejaribu tangazo la dharura, na nani alisikiliza kutoka nyuma kabisa?" Na mtoto akipotea, mtangazaji amwite mzazi. Asitaje jina la mtoto wala nguo alizovaa, maana mtu mbaya naye anasikia.

Ukifika

Angalia milango miwili ya kutokea, si ule ulioingilia tu. Usikae mbele ya jukwaa wala karibu na spika, masikio ya mtoto yanaumia na huwezi kuongea naye. Mwandike namba yako ya simu mkononi kwa kalamu. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana.

Ukisikia tangazo

1. Simama kidogo, sikiliza hadi mwisho. Usikimbie kwa sababu wengine wanakimbia.
2. Mtoto mdogo mhamishie mbele, juu ya kifua, ukimkingia nafasi kwa mikono. Mkubwa mshike kifundo cha mkono.
3. Acha viatu, mkoba, hata simu ikianguka. Usiiname.
4. Watu wakisukuma, usishindane nao. Sogea pembeni taratibu kila unapopata nafasi, lakini usiegemee ukuta wala uzio.
5. Usipoelewa tangazo, muulize mlinzi au mhudumu. Ukiona hatari na hakuna tangazo lolote, ondoka mapema. Usisubiri kuambiwa.

Kwa msaada nchini Tanzania, piga 112 polisi au 114 zimamoto na uokoaji.

Mkifika nyumbani

Mtoto aliyebanwa anaweza kuonekana mzima, kisha hali ikabadilika. Mpeleke kituo cha afya mara moja akipumua kwa shida, akilalamika kifua au tumbo, akitapika, akilegea au akichanganyikiwa. Mama mjamzito aliyebanwa au kuanguka aende hata kama hana maumivu, hasa akiona damu au mtoto akipunguza kucheza tumboni.