Kuandika Si Kutuma: Tujue Kurekebisha Habari Zetu Kwenye Kompyuta



Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii vikundi vyetu vinaijua. Kila mkutano daftari la michango hufunguliwa, na katibu aliyesahau kuandika huulizwa mbele ya wote. Lakini siku hizi yako madaftari mengine yanayotuhusu, nasi hatuyaoni kwa macho. Yamo ndani ya kompyuta za serikali, za benki na za mashirika. Wataalamu huyaita hifadhidata. Mle ndani yamo majina yetu, namba za vitambulisho, simu zetu na majina ya watoto wetu. Neno moja likikosewa mle, anayeumia ni mwenye jina.

Hapa Bondeni tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Kikundi kimoja cha akina mama wanaouza mahamri na viazi karai kilimchagua mwenyekiti mpya, kwa kuwa yule wa kwanza alihamia Kilifi. Katibu akaenda saiba kubadilisha namba ya simu ya mwenyekiti kwenye tovuti ya ofisi moja waliyoiomba mtaji. Aliiona namba mpya kwenye kioo kwa macho yake, akalipa, akaenda zake. Baada ya wiki kadhaa ofisi ile ikatuma ujumbe wa kuwaita kwenye mahojiano. Ujumbe ukaenda kwa laini ya zamani, ambayo mwenyewe alikwisha kuiacha. Siku ikapita, na mtaji wakapewa wengine.

Tulifuatana na katibu mpaka saiba. "Lakini mwanangu," akamwambia kijana, "namba hii si tuliibadilisha hapa hapa, mimi na wewe?"

"Tuliandika, mama," akajibu kijana. "Lakini intaneti ilikuwa inakatika siku ile, nami nikadhani imekwenda. Hatukungoja jibu."

Hapo ndipo penye kosa, na si kosa la akina mama hawa peke yao. Wengi wetu twadhani kwamba kinachoonekana kwenye kioo ndicho kilichoandikwa daftarini. Sivyo.

DIRISHA NA DAFTARI

Fikirini ofisi ya zamani yenye dirisha. Nyuma ya dirisha yuko karani na rejista kubwa. Unamtajia namba yako, naye anafungua ukurasa wako, ananakili habari zako kwenye karatasi na kukupa. Wewe unakata simu ya zamani na kuandika mpya. Je, rejista imebadilika? Bado. Karatasi ingali mkononi mwako. Mpaka umrudishie karani, aikague, afute mstari wa zamani, aandike mpya, kisha akupe risiti.

Fomu ya kwenye tovuti hufanya kazi hivyo hivyo. Unapoingiza namba yako, kompyuta kuu iliyo mbali huitafuta habari yako na kuileta kwenye visanduku vya fomu. Unachoandika humo kiko kwenye dirisha tu. Ukibonyeza kitufe cha kutuma au kuhifadhi, habari husafiri kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta kuu. Huko programu hukagua: je, kisanduku cha lazima kimeachwa kitupu? Je, namba ya simu imetimia? Ikiona kasoro, hukurudishia fomu, mara nyingi na maandishi mekundu. Ikiridhika, ndipo huamrisha daftari libadilishwe, na kukuonyesha jibu kwamba imepokea. Jibu hilo ndilo risiti yako. Bila jibu, usiseme umemaliza.

NAMBA NDIYO UFUNGUO

Amri inayopewa daftari huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kitu cha kubadilisha. Ya pili ni mstari wa nani. Lugha inayotumika sana kwa amri hizi huitwa SQL, nayo ilianza kutengenezwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970. Kwa maneno yetu amri ni hivi: "Tafuta mwenye kitambulisho namba hii, umbadilishie simu iwe hii." Mkikosea tarakimu moja ya kitambulisho, ama mtu hatapatikana, ama mtafungua mlango wa jirani. Kwa hiyo namba isomwe kutoka kwenye kitambulisho chenyewe, si kwa kukumbuka.

Majina nayo yana taabu yake hapa pwani. Sisi kwa sisi, Fatma na Fatuma ni mtu mmoja, Athman na Athumani ni yule yule. Kompyuta haina ujirani. Herufi moja ikizidi, yaweza kusema hawa ni watu wawili. Tena wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu; mmoja huandika mawili, mwingine matatu. Shauri letu ni moja: fuateni kitambulisho kama kilivyo, herufi kwa herufi. Ikiwa kitambulisho chenyewe kina kosa, kirekebishwe hicho kwanza.

WAWILI KWENYE UKURASA MMOJA

Tuseme katibu na mweka hazina wamefungua fomu ya kikundi saa ile ile, kila mmoja kwenye simu yake. Katibu anabadilisha jina la mwenyekiti na kutuma. Mweka hazina, ambaye fomu yake bado ina jina la zamani, anabadilisha sanduku la posta na kutuma baadaye. Tovuti nyingine hutoa onyo. Nyingine huandika fomu ya mwisho yote kama ilivyo, na jina la zamani likarudi. Kazi ya katibu imefutika bila mtu kukusudia. Basi kikundi kimchague mtu mmoja wa kazi hii, na mwingine wa kukagua.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kabla ya kwenda saiba, andikeni kwenye karatasi habari sahihi, na kumbukumbu za mkutano ulioamua badiliko ziwepo.
2. Badilisheni kinachohitajika tu. Visanduku vingine viacheni.
3. Someni upya kabla ya kutuma. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aangalie karatasi.
4. Ngojeni jibu. Lichapisheni au mpige picha kwa simu.
5. Fungueni tena ukurasa baada ya kutuma. Namba mpya ikionekana baada ya kufungua upya, ndipo mjue imefika daftarini.
6. Neno la siri asipewe kijana wa saiba, hata akiwa mtoto wa mtaa wetu. Ondokeni kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Namba ya siri ya muda inayoletwa kwa simu asitajiwe anayewapigia, hata akisema ametoka ofisini.
7. Mtu akipoteza laini ya simu, atangulie kurekebisha namba yake kila mahali ilipoandikwa. Laini iliyoachwa muda mrefu huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na ujumbe wako ukaenda kwake.

Asiyeweza haya peke yake aende Huduma Centre, pale Posta kuu ya barabara ya Digo.

Haya si mambo ya vikundi tu. Mwaka 2023 serikali ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye tovuti ya eCitizen. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966, na wananchi wakatakiwa kujiandikisha upya pamoja na wategemezi wao. Mtoto aliyezaliwa baada ya kujiandikisha hajiandiki mwenyewe. Ni mzazi wa kumwongeza.

NI HAKI YETU

Tusiende kurekebisha kama watu wanaoomba hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo kweli au ya kupotosha inayomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo yasema hivyo, na ofisi ikikataa bila sababu, mtu anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Wale akina mama wa mahamri wamekwisha kutuma upya, na safari hii picha ya jibu imebandikwa ndani ya jalada la daftari la michango.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Habari za kikundi chetu zimeandikwa kwenye ofisi zipi? Mara ya mwisho tulizikagua lini?
2. Namba ya simu iliyo huko ni ya nani, na je, anaitumia bado?
3. Nani kati yetu ana jina lililoandikwa namna mbili? Tutamsaidiaje?