Mpunga katika vilima vya Buha: Baridi ya udongo na uhaba wa maji (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu mbegu. Leo tushuke bondeni kuangalia mambo mawili ambayo wakulima wengi wa Buha, yaani nyanda za juu za Kigoma, huyazungumzia mbalimbali, kumbe yanakwenda pamoja: joto la udongo na upungufu wa maji.

Anayetoka Kigoma mjini kwenda Manyovu hupanda mlima karibu njia nzima. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Manyovu na Heru Juu vinapita mita 1,500. Kwa kawaida, kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za sentigredi. Kwa hiyo mkulima wa bonde la Luiche, kule chini karibu na ziwa, na mwenzake wa bonde dogo la Buhigwe au Kasulu hawalimi mpunga wa aina moja, hata kama mbegu wameigawana kutoka gunia moja. SARO 5, mbegu iliyozalishwa Dakawa mkoani Morogoro na kuidhinishwa mwaka 2002, hukomaa kwa siku 120 hivi kwenye joto la mabondeni. Ukiipandisha milimani, hukawia.

Inakawia kwa sababu ya pale inapokulia. Mche wa mpunga, tangu uote hadi suke lianze kujiunda ndani ya shina, hukulia chini kabisa, usawa wa udongo, na kwenye jaruba lenye maji sehemu hiyo imezama. Katika kipindi hicho chote, joto linaloamua kasi ya ukuaji ni la udongo na maji, wala si la hewa inayompuliza mkulima usoni. Mpunga hupenda nyuzi 25 hadi 35. Udongo ukibaki kwenye nyuzi 18 au 19, machipukizi huwa machache, na mizizi hushindwa kufyonza chakula, hasa fosforasi. Mizizi iliyopoa hushindwa hata kufyonza maji, ndiyo maana asubuhi yenye jua kali baada ya usiku wa baridi utaona majani yamejikunja ilhali jaruba limejaa. Mpunga una kiu ukiwa umesimama majini.

Hatari kubwa zaidi huja pale mpunga unapobeba mimba, wiki mbili hivi kabla ya suke kuchomoza. Ndani ya shina chavua inaumbwa, na uumbaji huo hauvumilii baridi. Usiku kadhaa mfululizo chini ya nyuzi 17 au 18 hutosha kuiharibu kwenye mbegu zisizozoea baridi. Mkulima haoni chochote siku hiyo. Suke litatoka zuri, litasimama wima, na litaendelea kusimama wima hadi mavuno, kwa sababu halina uzito wa kuliinamisha. Ukipepeta, unabaki na mapepe. Nimesikia watu wakilaumu ndege, wadudu, hata jirani, kwa hasara iliyofanywa na baridi ya usiku mwezi mmoja na zaidi kabla ya mavuno.

Hapa ndipo maji yanapoingia kwa kazi ambayo haitajwi sana. Kupasha maji nyuzi moja kunahitaji joto takriban mara tano ya lile linalohitajika kupasha udongo mkavu wa uzito uleule. Kwa hiyo maji ya jaruba hukusanya joto la jua mchana kutwa na kuliachia polepole usiku, yakiifunika mizizi na shina changa kama blanketi. Jaruba lililokauka halina akiba hiyo. Jua likizama, udongo wa juu hupoa upesi pamoja na hewa.

Sasa tazama kalenda yetu. Kigoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Mkulima aliyeatika mapema na kupandikiza kufikia Januari, mpunga wake hubeba mimba maji yakiwa bado yapo na mawingu yakizuia joto la ardhi kupotea usiku. Aliyechelewa hadi Machi hukutwa na mimba ya mpunga mwishoni mwa Mei au Juni. Mvua imekatika, vijito vimepungua, na mbingu ni nyeupe pe. Usiku usio na mawingu ni usiku wa baridi. Blanketi linaondolewa siku ileile baridi inapoingia. Ndiyo maana naamini kwamba huku juu ukame wa mpunga ni baridi pia, na kwamba kuchelewa kupandikiza kunatugharimu zaidi ya kukosa mbolea.

Jambo hili linanifanya niwe mwangalifu na ushauri wa kubana maji unaotoka mabondeni. Kilo moja ya mpunga hutumia, kwa wastani wa dunia, karibu lita 2,500 za mvua na umwagiliaji, kwa hiyo kubana maji ni jambo la lazima. Kilimo shadidi, kilichoanzishwa na padri Henri de Laulanié huko Madagaska katika miaka ya 1980 na kujaribiwa hapa kwetu katika skimu ya Mkindo, Morogoro, hulowesha na kukausha jaruba kwa zamu. Njia inayofanana nayo hutumia bomba lenye matundu lililozikwa shambani: maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo, ndipo unafungulia tena. Maji yanayookolewa yanaweza kufika asilimia 30. Ni njia nzuri, na mabonde yetu yana sababu ya ziada ya kuipenda mwanzoni mwa msimu: maji yanayochuruzika kutoka kwenye udongo mwekundu wa vilimani hubeba chuma, ambacho katika jaruba lisilokaushwa kamwe hujikusanya hadi majani kugeuka rangi ya kutu. Kausheni basi mpunga unapotoa machipukizi. Ila ukibeba mimba, acheni. Rudisheni maji, na usiku wa baridi yapandisheni hadi sentimita 15 au 20, yalifikie suke linalopanda ndani ya shina.

Wakulima wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, hufanya hivyohivyo. Hasara ya baridi wanaijua: mwaka 1993 kiangazi cha Japani kilikuwa baridi mno. Mavuno ya mpunga yalishuka hadi asilimia 74 ya kawaida, na nchi iliyozoea kujilisha mchele ikaagiza zaidi ya tani milioni mbili kutoka nje, Thailand ikiwemo.

Lakini maji yenyewe yasiwe ya baridi. Chemchemi za vilima vyetu hutoka zimepoa, na mtu akizielekeza moja kwa moja jarubani, mpunga ulio karibu na mlango wa maji hudumaa na kubaki kijani wakati wa chini yake umekwisha kuiva. Chini ya mlima Chokai, mkoani Akita, hukohuko Japani, wakulima waliokuwa na tatizo hilo walianza mwaka 1927 kujenga mifereji mipana, ya kina kifupi, yenye vijiporomoko vingi, ili maji yatembee polepole na kupigwa na jua kabla ya kufika shambani. Hakuna saruji inayohitajika kuanza jambo hilo Manyovu. Mfereji uzungushwe, upanuliwe. Au jaruba la kwanza liachwe bila mpunga, liwe bwawa la kupashia maji. Maji yafunguliwe jioni au usiku, siyo mchana, ili jua la siku nzima lipashe yaliyokwisha kutulia.

Jambo la mwisho linazihusu kamati za umwagiliaji. Zamu za maji katika mabonde mengi hugawanywa kwa siku sawa kwa kila mtu, na usawa huo una heshima yake. Lakini Mei inapofika, jaruba lenye mimba na jaruba ambalo mpunga wake umeanza kuwa wa njano hayana haja sawa. Kamati ipite shambani, ifungue shina moja kwa kisu katika kila jaruba, ione suke limefika wapi, ndipo ipange zamu. Kazi hiyo inamalizika kwa asubuhi moja.

Sehemu ijayo: mbegu za nyanda za juu zinazolimwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, na jinsi ya kuzijaribu katika kipande kidogo kabla ya kuziamini.