Data ya bidhaa katika duka la mtandaoni

Data ya bidhaa ni jumla ya taarifa ambazo duka la mtandaoni hutunza kuhusu kila kitu linachouza: jina, bei, maelezo, picha, uzito, namba ya utambulisho na idadi iliyobaki stoo. Katika duka la kawaida mteja hushika kitu na kukikagua. Mtandaoni huona taarifa tu. Kwa hiyo kosa katika data humfikia mteja moja kwa moja.

Aina za bidhaa

Kila bidhaa hupangiwa aina kwanza, kwa sababu aina ndiyo inayoamua taarifa zipi zitajazwa. Kwa mfano WooCommerce, programu huria iliyotolewa mwaka 2011 kwa ajili ya tovuti za WordPress, ina aina kuu nne:

- Bidhaa ya kawaida: kitu kimoja chenye bei moja, kama vile kamusi.
- Bidhaa yenye machaguo: kitu kinachopatikana kwa saizi au rangi mbalimbali, kama vile shati.
- Kundi la bidhaa: vitu vinavyoonyeshwa pamoja, lakini kila kimoja huweza kununuliwa peke yake.
- Bidhaa ya nje: kitu kinachotangazwa dukani, lakini mnunuzi hupelekwa kwenye tovuti nyingine ili akinunue huko.

Huduma na vitabu vya kielektroniki huwekewa alama ya kuwa si vitu vya kushikika, ili mteja asitozwe gharama ya usafirishaji.

Hesabu ya stoo

Shati lenye saizi 3 na rangi 4 lina machaguo 12, na kila chaguo huhitaji hesabu yake. Muuzaji akiliandika kama bidhaa ya kawaida yenye jumla ya mashati 40, mteja hana mahali pa kuchagua saizi, na programu huendelea kupokea malipo hata kama yaliyobaki yote ni madogo. Matokeo yake ni oda kufutwa, fedha kurudishwa na mteja kupoteza imani.

Namba za utambulisho

Muuzaji huweza kutunga namba yake ya ndani kwa kila chaguo, kwa mfano SHATI-BULUU-L. Namba hiyo haipaswi kurudiwa kwa bidhaa nyingine, la sivyo hesabu huchanganyika.

Bidhaa nyingi za viwandani huwa pia na namba ya kimataifa, mara nyingi ya tarakimu 13, inayochapishwa chini ya mistari myeusi kwenye pakiti. Mfumo huo husimamiwa na shirika la GS1. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 za mwanzo, hivyo kompyuta huweza kugundua makosa mengi ya uandishi. Namba zinazoanza na 620 husajiliwa Tanzania, na zinazoanza na 616 husajiliwa Kenya. Mwanzo huo huonyesha mahali namba iliposajiliwa, si lazima mahali bidhaa ilipotengenezwa.