Kipimo Kisichosogea

Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kukaa miaka 10 hivi bila kuugua sana, na kiwango cha virusi katika damu yake kikabaki karibu palepale. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wengi walidhani kuwa kipindi hicho virusi vimelala.

Alan Perelson, mtaalamu wa hisabati ya kinga ya mwili katika maabara ya Los Alamos, New Mexico, hakuridhika. Tangi la maji lisilopungua huenda limefungwa pande zote, au linajazwa na kumwagwa kwa kasi ileile. Funga bomba la juu ndipo utajua. Basi yeye, daktari David Ho wa New York na wenzao wakalifunga. Wagonjwa 5 walipewa ritonavir, dawa inayofanya virusi vipya vitoke vikiwa havina uwezo wa kuambukiza. Damu yao ikapimwa kila baada ya saa 2, baadaye kila saa 6, kisha kila siku hadi siku ya 7, na kasi ya kushuka kwa virusi ikaingizwa kwenye milinganyo michache tu.

Majibu yalichapishwa mwaka 1996. Nusu ya virusi vilivyomo kwenye damu huondolewa kila baada ya saa 6 hivi, na vingine bilioni 10 au zaidi huzalishwa kila siku. Kumbe hakuna kilicholala. Kirusi chenyewe kina herufi za urithi zipatazo 10,000, na hukosea kinapojinakili. Kwa wingi huo, badiliko la herufi moja linaloweza kukwepa dawa moja hutokea mapema mno. Mabadiliko kadhaa ya kukwepa dawa 3 kwa pamoja ni nadra. Ndiyo maana kidonge kimoja cha ARV kinachotolewa leo katika kliniki za Tanzania na Kenya kina dawa 3 ndani yake.

Perelson huyohuyo, mwaka 1994, alikuwa ameshirikiana na Stephanie Forrest wa Chuo Kikuu cha New Mexico kuhamishia kinga kwenye kompyuta. Waliiga tezi ya thaimasi kifuani, ambako chembe T changa hujaribiwa: zinazoushambulia mwili wenyewe huuawa, nyingine huachiwa. Programu yao ilibuni mifuatano ya sifuri na moja kwa kubahatisha, ikatupa yote inayofanana na mafaili yanayolindwa, na iliyobaki ikawekwa lindoni. Mmojawapo ukikuta unachofanana nacho, basi kuna faili limebadilishwa, hata kama kirusi cha kompyuta kilicholibadilisha hakijawahi kuonekana popote.

Kwa maoni yangu, hesabu imeifaa tiba kuliko kinga ilivyoifaa kompyuta. Kompyuta hubadilika kila unapoweka programu mpya, na kengele hulia bure. Data ikiwa nyingi, idadi ya mifuatano inayohitajika hupanda kupita kiasi. Mwaka 1996 Forrest na wenzake wakageukia mwenendo badala ya mafaili: wakafuatilia mpangilio wa maombi ambayo programu hupeleka kwa mfumo endeshi wa Unix. Programu ya barua pepe ikidukuliwa, maombi hayo huanza kufuatana kwa namna ambayo haijazoeleka.