Kabla Uweke PIN, Kagua Hiyo Laptopu

Umeshuka matatu ya Kangemi, ukaingia Luthuli Avenue, pesa iko kwa simu. Muuzaji anaapa kwamba laptopu hii ya mtumba ina RAM ya GB 8. Usiamini stika, iulize mashine yenyewe.

Iwashe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Utaona aina ya prosesa, toleo la Windows na kiasi cha memori. 8192MB ndiyo GB 8. Ukiona 4096MB, unauziwa nusu.

Ikiwa ni Windows 10, jua Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa diski, fungua This PC. Diski ya GB 256 huonyesha kama 238 hivi, hapo hujaibiwa.

Umeridhika? Lipa kwa till, usitume kwa namba ya mtu. Soma jina la duka kwanza, ndipo uweke PIN. Kisha omba risiti yenye vipimo ulivyoviona. Kulipa ni sekunde chache tu, lakini kurudishiwa pesa ni kupanda matatu tena na tena.