Fasihi ya Kikatalani: Lugha iliyofukuzwa kortini ikarejea kwa ushairi

Barcelona ilipotekwa mnamo 1714, Mfalme Felipe V wa Uhispania hakutosheka na ushindi wa vita. Kwa amri ya 1716, Kikatalani kilipigwa marufuku katika mahakama kuu ya Katalonia. Lugha iliyokuwa imezaa riwaya ya Tirant lo Blanc tangu 1490 ikabakia ya jikoni, shambani na sokoni.

Ajabu ni kwamba shairi linalohesabiwa kuwa chimbuko la uamsho wake, yaani Renaixença, lilitungwa Madrid na kuchapishwa mnamo 1833. Mtunzi, Bonaventura Carles Aribau, alimwandikia mwajiri wake, tajiri wa benki, na kazi zake nyingi ziko kwa Kihispania! Hata hivyo, mbegu ilikuwa imepandwa. Mashindano ya ushairi ya Jocs Florals yalifufuliwa Barcelona mnamo 1859, na mwaka wa 1877 yakamtuza Jacint Verdaguer, kasisi aliyehudumu melini, kwa utenzi wake L'Atlàntida.

Kizazi cha Modernisme kilichoka kuomboleza enzi zilizopita. Joan Maragall alitaka neno lililo hai. Caterina Albert naye alishinda tuzo mjini Olot mnamo 1898 kwa tamthilia kuhusu mama aliyemuua mwanawe. Ilipobainika kuwa mwandishi ni mwanamke, kukazuka kashfa. Tangu hapo alijificha nyuma ya jina la kiume, Víctor Català, na kwa jina hilo akachapisha Solitud mnamo 1905, riwaya ya mke anayemwacha mume mzembe na kushuka mlimani peke yake.