Hili Jembe au Silaha? Jinsi ya Kuvitambua Vifaa vya Kale vya Kilimo

Leo tuache siasa kidogo tuongelee majembe. Msicheke!

Kuna makumbusho moja niliingia (jina naliweka kapuni) nikakuta chuma kimoja kipana, kimechongoka nyuma, na kilebo kimeandikwa "Kifaa cha kilimo". Basi. Cha nani? Kilitumikaje? Kimya. Na vitu vya namna hiyo viko vingi, hapa kwetu na Ulaya pia. Wengi waliovikusanya enzi za ukoloni hawakuwa wakulima, na wenye vitu mara nyingi hawakuulizwa. Ndio maana kitu cha shambani kinaweza kuishia kabati la silaha.

Sasa mtaalamu anakitambuaje? Kumbe si uchawi, ni kuangalia vizuri tu.

1. Mpini unaingiaje? Majembe mengi ya kienyeji ya bara yana ncha nyembamba nyuma. Mpini unakuwa na kichwa kinene kilichotobolewa, na ile ncha inapenya humo. La kiwandani kwa kawaida lina tundu la duara, mpini ndio unaingia kwenye chuma. Ukikuta muhuri, kwa mfano picha ya mamba wa Chillington wa Uingereza, ujue ni mali ya dukani.

2. Limeliwa wapi? Jembe la kazi linaisha. Udongo unalila mdomo, na mara nyingi kona moja inaisha kuliko nyingine kwa sababu mtu anapiga akiegemea upande mmoja. Mpini nao unalainika pale mikono inaposhika. Panga la vita haliishi hivyo.

3. Chuma chenyewe. Chuma cha tanuru la kienyeji kinabaki na vipande vidogo vya mavi ya chuma ndani yake. Ukikikata kidogo na kukiweka kwenye darubini unaviona. Chuma cha kiwandani ni safi zaidi.

Lakini ngoja, hapa ndipo patamu. Unafanyaje ukikuta jembe zito, zima, halijawahi kugusa udongo? Karne ya 19 wahunzi wa Kirongo, kusini mwa Ziwa Victoria, walifua majembe yaliyouzwa mpaka Unyamwezi. Jembe lilikuwa bidhaa na lilikuwa hela. Watu walilipia mahari kwa majembe. Kwa hiyo lile jembe zima kabatini huenda ni mahari ya bibi wa mtu! Ukiliandika "kifaa cha kilimo" hujadanganya, ila umeacha nusu ya habari. Na si kwamba jembe la mahari halilimi. Leo linalipa mahari, kesho linawekewa mpini linaenda shamba.

Mfano mwingine ni yale mawe ya duara yenye tundu katikati. Ukiliona haraka haraka utasema kichwa cha rungu. Lakini kusini mwa Afrika Wasan waliyavisha kwenye mti wa kuchimbia mizizi ili uwe mzito, na michoro yao ya miambani inaonyesha wanawake wakiwa na miti hiyo. Kule Harar, Ethiopia, wakulima wa Kioromo nao walitumia mti wenye jiwe kuvunja ardhi ngumu. Wanaotafuta vita tu wataona rungu, mwanamke na mti wake wa kuchimbia hawatamwona.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki: darubini itakwambia chuma kimetoka wapi, lakini haitakwambia jina lake wala nani alikuwa anaruhusiwa kukishika. Hayo yako kwa wazee. Mwaka 1976 huko Buhaya mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wajenge tanuru na kuyeyusha chuma kama zamani. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miaka mingi, vyuma vya bei rahisi vya Ulaya vilishaingia. Wazee wakakumbuka, wakajenga, chuma kikatoka! Wangechelewa miaka 20 wangemuuliza nani?

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu vijana: ukienda kijijini, usiishie kula mahindi ya kuchoma. Ingia stoo, angalia kilichochomekwa kwenye paa. Kipige picha pande zote, weka rula pembeni ili ukubwa uonekane, na tafadhali usikisugue kutu, maana alama za kazi zitaondoka nayo. Halafu muulize bibi kinaitwaje kwa kilugha, nani alikitumia, na kwa zao gani. Andika jina la kijiji na tarehe. Na ukiwa Mwanza, pita Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma uone nyumba ya mhunzi.

Haya, nani ana kifaa nyumbani ambacho hakuna anayejua kazi yake? Kieleze hapo chini, tusaidiane. Kwenu jembe la zamani linaitwaje?